Tangazo la Tatu

Msomaji mmoja wa Kizota alinishika shati juzi akaniuliza kama nina dada. "Ungekuwa na dada," akasema, "usingemwacha Loisi chini ya turubai wiki nzima, na mkono wa mtu umeshalishika turubai hilo hilo." Haya, bwana mkubwa, niachie shati, tunamtoa leo. Ila kama atatoka salama, hilo sikukuahidi.

Kwa waliofungia maandazi gazeti lililopita kabla ya kulisoma, nitasema haraka. Tuko kwenye mwezi wa pili wa karantini ya kipindupindu. Mabasi yamesimama, vilabu vya pombe vimefungwa, makanisa hayana watu, na kupeana mikono ni kosa. Loisi, fundi cherehani wa kijiji cha Haneti, penye ugonjwa, alichumbiwa na Ernest, dereva wa basi la kwenda Kondoa. Barua ya posa ilifika kabla njia haijafungwa. Baba yake Loisi akajibu kwa ndiyo, barua ikapakiwa kwenye gari la afya kwa sababu hakukuwa na gari jingine.

Kisha kimya. Mpaka Jumamosi, Bwana Afya alipokuja Haneti kugawa chokaa ya vyooni, akasema mbele ya watu kwamba lazima awahi kurudi mjini. Jumapili saa nne asubuhi Mchungaji Yotham angeazima gari hilo hilo la afya, lenye spika, atangaze ndoa mitaani maadamu kanisani hakuingiliki. Tangazo la tatu na la mwisho, Ernest na binti wa mtaa wa Chang'ombe, mjini, anayeitwa Brightness. Ndoa kesho yake, Jumatatu.

Mwenye pingamizi alipaswa kulileta kabla tangazo la tatu halijaisha. Likiisha, basi tena.

Ndiyo maana alfajiri ya Jumapili Loisi alijilaza nyuma ya pikapu ya afya, katikati ya mifuko ya chokaa, akajifunika turubai. Saa mbili na nusu za mashimo na vumbi. Gari likasimama kizuizini, nje kidogo ya mji. Mkono ukashika turubai.

Turubai likafunuliwa.

Aliyelifunua alikuwa mgambo wa kizuizi, jina lake Batholomeo, mwanamume mrefu mwenye filimbi shingoni. Alichokiona ni kichwa cheupe pe, chenye macho mawili mekundu yanayopepesa. Akaipeleka filimbi mdomoni.

"Mtani," Loisi akanong'ona. "Nakuomba, mtani wangu."

Filimbi ikaishia kwenye meno. Loisi alikuwa amemsikia akibishana na Bwana Afya, akaijua lafudhi ya Tabora pale pale. Wagogo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara ya wapagazi, na mtani hata umkute amekaa juu ya paa lako, kukasirika huruhusiwi.

Batholomeo akainama, uso umechanua.

"Mgogo! Yaani leo umekuwa mzigo? Babu zangu wamebeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, hawajawahi kukutana na mzigo unaoongea."

"Nipitishe, mtani. Kuna mtu anaoa kesho asiyetakiwa kuoa."

"Unaharisha?"

"Siharishi."

"Unatapika?"

"Nitatapika sasa hivi ukiendelea kunipumulia."

Sauti ya Bwana Afya ikatoka mbele ya gari. "Mgambo! Kuna nini huko nyuma?"

"Chokaa tu, mzee! Ila mfuko mmoja umepasuka, unamwaga mwaga maneno... unamwaga chokaa!"

"Ufunge vizuri! Hiyo ni mali ya serikali!"

"Umesikia?" Batholomeo akamnong'oneza Loisi. "Wewe ni mali ya serikali." Akanyoosha kiganja. "Ushuru wa mtani."

Loisi hakuwa na kitu. Mgambo akaangalia huku na huku, akauvuta mguu wa kushoto wa Loisi, akamvua ndala, akaitia mfukoni. Hiyo ni haki ya mtani, na haki ya mwenye ndala ni kutukana.

"Ivae wewe basi, mpagazi usiye na mzigo! Mguu wenyewe kama mwiko wa kusongea ugali wa msibani!"

"Asante sana," akasema Batholomeo kwa furaha ya kweli, akamfunika.

Lakini turubai halikukaa sawasawa, likaacha upenyo. Kupitia upenyo huo Loisi akaona kitu kilichomfanya asahau ndala.

Bwana Afya Anyitike alikuwa amepiga magoti mbele ya ndoo. Mtu wa Tukuyu huyu, mnyoofu, asiyekula rushwa wala asiyeelewa mzaha, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata wakati wa tauni. Dereva wake alikuwa ametengwa tangu Jumanne kwa kuumwa tumbo, kwa hiyo gari alikuwa akiliendesha mwenyewe. Pembeni yake palikuwa na mfuko wa barua za Haneti. Alichukua barua, akaitoa kwenye bahasha, akaitosa kwenye ndoo ya klorini, akatazama saa yake mpaka sekunde sitini zikatimia, akaianika kwenye kamba kwa kibanio cha nguo.

"Barua nayo imeshikwa na mikono," alikuwa akimfundisha Batholomeo. "Tangu karantini ianze, hakuna karatasi ya Haneti iliyoingia mjini bila kuoga."

Loisi akazitazama zile barua kwenye kamba. Zilizoandikwa kwa biro zilikuwa zimefubaa, ila zilisomeka. Na mbili tatu zilikuwa nyeupe kabisa, kama hazijawahi kuguswa na kalamu.

Akamkumbuka baba yake, mwinjilisti mstaafu, na wino wake wa chupa. Mzee yule hakubali biro. Anasema biro ni ya kuandikia orodha ya sukari na viberiti, barua ya kumtoa binti huandikwa kwa wino wa chupa na herufi za mkono zilizolala upande mmoja. Alishinda siku nzima akiiandika ile ndiyo yake, akapuliza mpaka ikakauka, akamwambia mama yake Loisi hata wajukuu wataisoma.

Hata Ernest hakuisoma. Alipelekewa karatasi tupu!

Loisi aliuma kanga yake asipige kelele. Alifurahi na kukasirika kwa mkupuo mmoja. Ernest hakumtupa! Watu wa Ernest walijibiwa kwa karatasi nyeupe, wakaona wametukanwa, wakageuzia posa mlango mwingine. Miezi miwili ya kulia juu ya cherehani, kumbe mkosaji ni ndoo.

Gari likaondoka.

Saa nne kasoro dakika chache lilisimama Chang'ombe. Loisi akasikia mlango, kisha sauti nene ya mtu aliyezoea kusikika bila spika.

"Nitakaa wapi, Bwana Afya?"

"Nyuma, Mchungaji, juu ya mfuko. Watu wakuone. Maiki ile pale. Ila usiguse kitu kingine chochote."

Pikapu ikainama upande mmoja. Mchungaji Yotham, mwili umeshiba, akapanda, akatafuta mfuko uliokaa vizuri, akauketia. Wasomaji, mifuko ilikuwa saba. Wa nane ndiye aliyekaliwa.

Loisi akaona nyota mchana kweupe.

"Chokaa ya siku hizi ngumu," Mchungaji akasema, akajisogeza apate nafasi nzuri zaidi.

Gari likaanza kutembea polepole mtaani. Spika zikakoroma. Kwanza likaja tangazo la kila siku: chemsheni maji, nawani mikono, msile vya kuuzwa njiani, mwenye kuharisha atoe taarifa. Watu wa Chang'ombe walikuwa wamesimama kila mmoja mlangoni kwake kama walivyoamriwa. Miezi miwili bila mpira, bila harusi, bila hata msiba wa kueleweka. Gari la afya ndilo lililobaki kuwa burudani.

Loisi angeweza kuinuka pale pale. Alijizuia. Akionekana kabla ya wakati, Bwana Afya angegeuza gari na kumrudisha Haneti kabla hajafungua mdomo. Ilibidi asubiri aulizwe. Akiulizwa hadharani, hakuna wa kumwambia nyamaza. Akavumilia uzito wa utumishi wa miaka ishirini mgongoni.

Gari likasimama mbele ya nyumba ya kina Brightness. Ernest naye alikuwapo, ng'ambo ya barabara, mlangoni kwa baba yake, ndani ya suti ya mtumba iliyomkaa vizuri kuliko ilivyomkaa Mzungu wake wa kwanza. Tangu biashara ziachiwe huru na kila mwenye lori kujigeuza mwenye basi, madereva wamekuwa watu wa kuvaa, na Ernest alikuwa wa kwanza kati yao.

"Natangaza kwa mara ya tatu na ya mwisho," spika zikanguruma, "kusudio la ndoa kati ya Ernest Yohana, kijana asiyeoa, na Brightness Lameck, binti asiyeolewa, wote wa mtaa huu. Mwenye kujua pingamizi lolote la haki na aseme sasa. La sivyo, anyamaze."

Kuku mmoja akapita barabarani.

"Basi, kwa kuwa hakuna..."

Mfuko wa chokaa ukainuka.

Mchungaji Yotham aliona anga, kisha miguu yake mwenyewe, kisha sakafu ya pikapu. Juu yake akasimama mwanamke mweupe kuanzia nywele hadi kucha, ndala mguu mmoja, vumbi linamtoka kila upande. Mtaa mzima ukapiga ukelele. Bibi mmoja akaanguka magotini, "Amefufuka! Amefufuka!" Mchungaji, aliyehubiri ufufuo kila Pasaka, alipouona kwa macho alitambaa kuelekea kwenye bodi la nyuma.

Loisi akaokota maiki.

"PINGAMIZI LIPO!"

Betri ilikuwa mpya. Walimsikia mpaka mitaa ya pili.

Bwana Afya akaruka kutoka kwenye usukani. "Wewe ni nani? Umetoka wapi?"

"Naitwa Loisi. Nimetoka Haneti."

Hapo milango yote ikafungwa kwa mpigo. Haneti, penye ugonjwa! Halafu mmoja mmoja ikafunguka tena kidogo, upana wa jicho, kwa sababu kipindupindu kinatisha lakini umbea wa namna hii hauji mara mbili.

Baba yake Ernest akatoka hadi kizingitini, fimbo mkononi.

"Haneti! Bado mna uso wa kuja hapa? Tumewaletea posa kwa heshima, mkaturudishia karatasi nyeupe! Nimeifungua mbele ya wazee, nimeigeuza mbele nyuma, hakuna hata neno hapana! Mwanangu hafai hata kukataliwa?"

"Shikamoo, baba," Loisi akasema kwenye maiki.

"Marahaba," mzee akajibu kwa mazoea, akaghadhibika kwa kuwa amejibu. "Karatasi tupu!"

"Haikuwa tupu ilipotoka kwetu. Baba yangu aliandika ndiyo. Muulizeni Bwana Afya barua zinaogeshwa wapi."

Macho yote yakamgeukia Bwana Afya. Akakaza shingo.

"Sekunde sitini kwenye klorini. Ndio utaratibu. Niliuandika mwenyewe."

"Mchungaji, naomba karatasi yako," akasema Loisi, na kabla Mchungaji hajauliza ipi, ilikuwa imeshachomolewa mkononi mwake. Tangazo la ndoa, limeandikwa kwa wino wa chupa, herufi zimelala upande mmoja. Wainjilisti na wachungaji wa rika lile wote walifundishwa na kiboko kimoja. Loisi akafunua ile ndoo ya klorini, iliyopakiwa pembeni mwa mifuko, akaitosa.

"Hilo ni tangazo langu!"

"Subiri, Mchungaji. Hesabuni!"

Mmoja akaanza, mwingine akadakia. Mtaa mzima ukahesabu, milango yote, watoto na wazee. Kumi. Ishirini. Ilipofika arobaini walikuwa wanapiga makofi kila namba. Sitini!

Loisi akaitoa karatasi, akaiinua juu, maji yakimtiririka kwapani. Nyeupe. Hakuna Ernest, hakuna Brightness, hakuna ndoa.

Chang'ombe ikalipuka kwa vigelegele. Baba yake Ernest akavua kofia, akakaa kizingitini pole pole. "Ndiyo," akawa anarudia. "Kumbe waliandika ndiyo." Ernest akacheka kwa meno yote, na moyo wa Loisi ukawa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu njia zifungwe. Alimpenda. Haina haja ya kuzunguka, alimpenda yule mwanamume na suti yake ya mtumba.

Sasa ningekuwa mwandishi mwema ningeishia hapa. Mimi si mwandishi mwema, na Bwana Afya alikuwa hajamaliza.

Alichota chokaa kwa mikono miwili, akaizungushia pikapu mstari mweupe ardhini. Akatoa daftari na penseli.

"Mtu aliyetoka eneo la ugonjwa anatengwa siku tano. Na kila aliyemgusa. Jina la kwanza, Loisi. La pili, Mchungaji Yotham."

"Mimi sikumgusa!"

"Ulimkalia, Mchungaji."

Mtaa ukacheka mpaka mbwa wakabweka. Bwana Afya hakucheka. "Yeyote atakayevuka mstari huu anatengwa pia. Asiyevuka, abaki na maisha yake."

Kicheko kikakatika, kwa sababu kila mtu aliangalia upande mmoja. Ernest alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye mstari. Akivuka, anakwenda na Loisi. Asipovuka, kesho Jumatatu, Mchungaji mwingine hakosi kupatikana, na kina Brightness wameshanunua mchele.

"Ernest," Loisi akaita, safari hii bila maiki.

Ernest akaangalia mstari. Akaangalia viatu vyake, vilivyopakwa rangi vizuri. Akaangalia tena mstari.

Kabla hajainua mguu, mtu mwingine alipita mbio kando yake, gauni limeshikwa juu ya magoti. Alikuwa Brightness! Baba yake akapiga yowe, mama yake akashika hewa. Brightness akavuka mstari kwa hatua moja, akapanda pikapu, akamkamata Loisi mikono yote miwili, chokaa ikamrukia kifuani.

"Bwana Afya," akasema huku anahema, "andika na mimi."

Loisi alijiandaa kupigwa. Alijiandaa hata kung'atwa. Lakini Brightness alikuwa ameleta mdomo sikioni mwake.

"Dada, nisikilize haraka. Nimevuka ili nisiolewe kesho, nimekosa njia nyingine. Kuna mwalimu wa Kondoa, karantini imemnasa hapa mjini, amepanga chumba kwetu. Jana amemwona Ernest uani, akamwita shemeji. Ernest kaoa dada wa huyo mwalimu. Mwaka jana, kanisani, kwa pete. Nimemwambia baba, anasema mwalimu kafananisha watu."

"Unasema nini wewe?"

"Mchungaji anasema tangazo la tatu. Kwa huyu bwana hili ni la sita!"

Loisi akachomoa mikono yake. Akageuka kumwambia Ernest abaki huko huko, asisogee.

Alichelewa. Kwa kuona wanawake wawili wamevuka kwa ajili yake, Ernest alikuwa amepata ujasiri. Aliruka mstari mikono imefunguliwa, tabasamu pana, na mtaa mzima ukampigia makofi.

Bwana Afya Anyitike, ambaye alichosikia ni makofi tu, alilamba ncha ya penseli, akaandika jina la nne.

"Siku tano," akasema, akafunga daftari. "Nyumba moja. Na mlango unafungwa kwa nje."